Manyoya ya Shingoni

Wanangu, picha mliyonitumia kwenye simu nimeiona. Nimeikuza, nimevaa miwani, nimevua miwani, mwisho nikamwita jirani aje aangalie. Jirani akauliza kama ni kifaranga aliyeokotwa mtaroni baada ya mvua. Nikamjibu hapana, hao ni vijana wa kikundi cha uvuvi, wamefunga nzi. Akauliza ni nzi gani mwenye mkia wa zambarau unaong'aa. Nikazima simu.

Baraka, wewe wa Tunduma, ndiye uliyeandika chini ya picha, "Bibi, cheki mng'ao huo! Trauti akimwona tu, kwisha habari yake." Habari ya nani? Zile ni nywele za kusukia rasta, ninazijua, zimening'inizwa kwenye kila duka pale mpakani. Trauti hajawahi kwenda saluni, mwanangu. Akimwona mdudu wako atadhani ni takataka za harusi, atampisha apite.

Mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii, kwa kuwa goti langu halikubali tena kunifikisha mtoni. Nitaandika. Mtegemee ukali, kwa sababu nilianza kufunga nzi nikiwa na mtoto anayenyonya, nikaacha kazi ya kambini mtoto huyo akiwa na watoto wake, na katika muda wote huo nimekutana na watu wengi mno waliojifanya wanajua.

Kwa msomaji asiyekijua kikundi hiki, nieleze kidogo. Juu ya Itumba, kule milimani ambako asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni, upo mto mdogo wenye maji ya kukata vidole. Zamani wazungu walimwaga humo samaki mgeni anayeitwa trauti, mwenye madoadoa na mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Kwa hiyo anayemvua kwa adabu hutumia ndoano iliyovishwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu. Ndoano hiyo ndiyo tunayoiita nzi, na mimi nilikuwa nawafunga nzi hao kwa ajili ya kambi ya wageni iliyokuwa kando ya mto. Mto Songwe hauna trauti, maji yake ni ya moto. Nalisema hilo kwa faida ya wale wenzenu wawili waliokwenda huko na fito mpya za kuvulia wakashinda juani wakipiga picha.

Tuanze na jogoo, maana hapo ndipo wengi wenu mmekwama na hamjui kama mmekwama.

Manyoya yanayofaa ni ya shingoni, tena ya jogoo mzee. Sikusema mkubwa, nimesema mzee. Jogoo kijana ana manyoya laini. Yakigusa maji yanalowa, na nzi uliyetaka aelee anakwenda chini. Ya jogoo mzee ni makavu, yanang'aa upande mmoja, na kila kijiuzi chake kimesimama peke yake. Kuyapima ni rahisi. Chukua unyoya, ukunje, uguse mdomo wako wa juu. Ukikuchoma kama ndevu za mume aliyetoka safari, huo ni wako. Ukikubembeleza, tupa. Neema wa Isansa aliniuliza kama kuna programu ya simu ya kupimia. Pima kwa mdomo, Neema, umezaliwa nao.

Sasa niambieni, jogoo mzee mtampata wapi katika milima hii? Jogoo wetu hawazeeki. Akija mkwe, jogoo anachinjwa. Akija mchungaji, jogoo. Shemeji akishuka kwenye basi kutoka Itaka na mfuko wa maharage, jogoo. Anayebaki hai ni yule mwenye mbio tu. Nimekwenda mara nyingi sokoni Tunduma kutafuta jogoo mzee, na kila mara mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alinisukumia kijogoo cha juzi, akikisifu uzuri kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Bamayo, uyu musuma sana! Nyama yake laini!" Nilipomwambia nataka mwenye nyama ngumu, alinitazama kama mtu aliyeomba kuuziwa kiatu kilichotoboka.

Nyumbani kwangu vita hiyo niliipigana na mama mkwe. Mume wangu Lusekelo alikuwa anapakia mizigo kwenye malori pale Tunduma na kurudi kwake kulikuwa kwa nadra, hivyo mji ulikuwa wa mama yake. Tulikuwa uwanja mmoja, nyumba yake, nyumba yangu, na nyumba ya wifi yangu aliyerudi nyumbani na mtoto. Mama Lusekelo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye kilima cha pili, na aliamini kwamba mgeni akiondoka bila kula kuku, ukoo mzima umevuliwa nguo. Mimi nilikuwa na jogoo wa rangi ya majivu. Hakukuwa na mwingine wa rangi ile katika kitongoji kizima. Manyoya yake yalitafutwa kuliko yote, kwa sababu wadudu wengi wanaoibuka kwenye mto wetu wana mbawa za rangi hiyo hiyo. Basi kila alipokuja mgeni, mama alitokea mlango huu na kisu, mimi nikatokea mlango ule na jogoo.

"Tusa, yuko wapi yule wa kijivu?"

"Ametangatanga, mama."

"Jogoo gani anatangatanga kila tukipata mgeni? Ana ratiba?"

Nikaendelea kusonga ugali. Alijua kwamba namficha, na alijua kwamba najua kwamba anajua, lakini hakuwahi kuuliza namfichia nini.

Manyoya yenyewe hayamlazimu jogoo kufa. Hilo nalo liandikeni, maana nasikia kuna mmoja wenu ameshachinja watatu kwa ajili ya nzi mmoja aliyezama. Unamshika asubuhi kabla hajashuka kwenye kijiti chake, unamfunika kichwa kwa khanga atulie, unang'oa machache yaliyokomaa, unampaka mafuta shingoni, unamwachia aende zake. Yataota tena, mara nyingi bora kuliko ya kwanza. Kwa muda fulani atatembea shingo wazi na majirani watacheka. Wangu walicheka kwanza. Baadaye waliacha kucheka, na nitawaeleza kwa nini.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Asajile, na ninamtaja kwa heshima anayostahili, ambayo si nyingi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa wageni pale kambini. Alivaa koti lenye mifuko mingi aliloachiwa na mgeni mmoja, na watu walimwita Fundi. Alijua kazi, sitamnyima hilo. Alijua trauti anasimama nyuma ya jiwe gani na kwa nini. Lakini macho yake yalianza kukataa tundu la ndoano, na wageni walikuwa wanaongezeka, akahitaji mikono ya mtu mwingine. Akanichagua mimi kwa sababu alikuwa ameona ninavyoshona vitambaa. Akaniletea ndoano, nta ya nyuki na mkasi mdogo, na kwa malipo akaniletea sukari na sabuni. Akaniwekea sharti moja.

"Fungia chumbani, mlango uwe umefungwa. Watu wakijua ni mwanamke anayefunga, kazi itadharauliwa."

Kazi haikuwa na shida yoyote. Wageni wangenunua nzi hata kama amefungwa na nyani, mradi samaki anamkubali. Alichokuwa anakilinda ni lile jina la Fundi. Wakati ule sikuliona hilo, nilikuwa na furaha ya kupata sukari.

Alifundisha kwa wembe. Nilikuwa namfunga nzi, nampa, anamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha anakata kila kitu na kunirudishia ndoano tupu, anaendelea kunywa chai yangu. Kosa langu la kila siku lilikuwa kichwa. Nanyi nyote mnalo, nimeliona kwenye picha zenu. Mnaanza na haraka, mnajaza mwili, mnajaza manyoya, mkifika mbele hakuna nafasi tena, mnarundika mafundo mpaka tundu la ndoano linaziba. Mshipi utapita wapi? Acheni nafasi mbele tangu mwanzo, hata kama mdudu anaonekana amekatwa shingo. Uzi upake nta ndipo uushike. Usiuvute kama unafunga mbuzi, wala usiulegeze kama unafunga zawadi. Mwili usokote kwa manyoya ya sungura au nywele za mbuzi, kidogo tu, kidogo kuliko unavyofikiri, kisha punguza tena.

Jiliwa la kubania ndoano nililipata miaka mingi baadaye. Mwanzoni niliibana kwenye kijiti cha mwanzi nilichokipasua kichwani na kukikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ninyi mmenunua majiliwa yanayozunguka, yenye taa, na bado mnanitumia vifaranga.

Kwa kumbikumbi sikuhitaji hata jogoo. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanaruka, wengine wanaangukia mtoni, na trauti anasahau ujanja wake wote. Mwili wa kumbikumbi niliufunga kwa nyuzi za gunia la kahawa la Mbozi lililotumika, kwa sababu limeshalainika na lina rangi ya kahawia inayotakiwa. Mgeni mmoja aliyebeba masanduku ya nzi kutoka kwao, kila sanduku na kufuli lake, alimkataa kumbikumbi wangu, akasema hayumo kwenye vitabu. Akarusha nzi wa vitabuni tangu asubuhi mpaka saa ya chai. Akanasa kofia yake, akanasa mti, mwishowe akajinasa sikio. Tulimtoa ndoano kwa koleo huku akituambia kwamba mto wetu hauna samaki.

Sasa niwaeleze majirani walivyoacha kucheka.

Mtoto wa wifi yangu aliugua. Alipata homa kali, ya kumfanya ashtukeshtuke usingizini. Badala ya kumpeleka Itumba hospitalini, watu wakaanza kuulizana ni nani aliyemroga. Katika kuulizana huko mtu mmoja akamkumbuka jogoo wa kijivu mwenye shingo iliyonyonyolewa, anayetembea uwanjani akiwa hai. Mwingine akakumbuka kwamba Tusajigwe, ndiye mimi, hujifungia chumbani mchana kweupe. Mimi nilikuwa shambani. Niliporudi, mlango wangu ulikuwa umeng'olewa na makopo yangu yamemwagwa uwanjani.

Hebu vitazameni kwa macho yao. Kopo la manyoya ya jogoo yaliyopangwa kwa rangi. Kopo la nywele za mbuzi na manyoya ya sungura. Nta. Halafu vile vidude vyenyewe, manyoya na nywele vimezungushiwa uzi mwekundu, na ndani yake chuma chenye ncha. Hirizi kamili! Mganga angeomba avinunue vyote kwa pamoja. Nawadharau watu wale mpaka leo kwa mengi, lakini si kwa kushtuka. Aliyeagiza nijifiche ndiye aliyenifanya nifanane na mchawi.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha watu pale pale uwanjani. Wazee wakaletewa benchi, na kwenye benchi hilo, katikati, na lile koti lake la mifuko, aliketi Mzee Asajile. Moyo wangu ulitulia nilipomwona. Neno lake moja lingetosha.

Walitoa hukumu yao kabla ya kuniuliza lolote. Nirudi kwetu siku hiyo hiyo, na mtoto wangu abaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Wifi yangu alikuwa ameshambeba mgongoni ili nisimguse, naye mtoto alikuwa analia kwa njaa, akininyooshea mikono.

"Hivyo ni nzi wa kuvulia samaki," nikasema. "Muulizeni Mzee Asajile. Mzee, waambie."

Watu wakageuka kumtazama. Yeye akatazama kiatu chake.

"Mimi ninajua nzi wangu tu," akasema. "Vya chumbani kwake sivifahamu."

Nilimchukia pale pale, na sijaacha. Ameshafariki, Mungu amrehemu akitaka, hiyo ni kazi yake Mungu.

Nikawaambia twendeni mtoni, mkaone kwa macho yenu kazi ya vitu hivi. Nilikuwa na ufito wa zamani wa mwanzi ambao Asajile alinipa ili nijaribie kama nzi wangu wanaelea. Tukateremka sote, mwenyekiti, wazee, wanawake, wifi na watoto wawili, mmoja mgonjwa mikononi na wangu mgongoni, analia njia nzima.

Nilifanya kila kitu ninachowafundisha ninyi. Trauti husimama akielekea maji yanakotoka, kwa hiyo nilimwendea kutoka chini, nyuma yake. Niliinama ili kivuli changu kisiguse maji. Nilirudisha ufito nyuma, nikausimamisha, nikausubiri mshipi unyooke, ndipo nikautuma mbele. Ninyi mnachapa kama mnafukuza ng'ombe wa Momba kwenye mahindi, ndiyo maana mshipi wenu unaanguka kama kamba ya kuanikia nguo. Nzi wa kijivu akatua majini, juu kidogo ya jiwe la kwanza, akaelea mkono mmoja hivi, maji yakapasuka, na trauti mzuri sana akatoka nusu mwili hewani na nzi wangu mdomoni.

Nikageuka nikitabasamu, mjinga mimi, nikidhani ushahidi ni ushahidi.

"Mmeona!" mwanamke mmoja akapiga yowe. "Amemwita samaki na manyoya! Samaki amekuja mwenyewe!"

Watu wakarudi nyuma. Kama nilikuwa na mashaka yoyote kuhusu akili za kitongoji kile, yaliisha pale. Nilikuwa nimesimama na samaki mkononi, na kila alivyojitupa ndivyo walivyozidi kusadiki. Mwenyekiti akasema imetosha, kijana mmoja anisindikize mpaka barabarani. Mzee Asajile alikuwa nyuma kabisa, ananyanyua kola ya koti lake kama mtu aliyehisi baridi.

Ndipo Mama Lusekelo, aliyeteremka pamoja na wanawake wengine, akapita katikati ya watu.

"Nipe hicho kijiti."

"Mama, usikishike," mwenyekiti akasema. "Kitakudhuru."

"Nimelea watu wote hawa na kukuogesha wewe ulipokuwa na upele. Kitanidhuru nini?"

Akaupokea ufito. Alifanya kila kosa ninalowakataza. Alisimama wima ukingoni, jua nyuma yake, kivuli chake kimeufunika mto wote. Alirusha kama anamwaga maji ya vyombo. Mara ya kwanza ndoano ikanasa kitenge chake mwenyewe, akaing'oa pamoja na kipande cha kitenge. Mara ya pili nzi akaangukia majini kwa kishindo, mkondo ukamchukua chini, mshipi umelegea, na mimi nikafumba macho. Trauti mmoja mdogo, asiyejua kanuni kama yeye, akajinasa.

Mama alipiga ukelele, akageuka, akaanza kupanda mlima kinyumenyume na ufito wake kama anayevuta mbuzi, mpaka akaketi chini kwa kishindo kwenye majani, na samaki naye akaja kutua karibu na miguu yake. Hakuna aliyecheka. Akasimama, akajipangusa, akamshika samaki kwa mikono miwili, akamwonyesha kila mtu.

"Haya. Ameniitikia na mimi. Kwa hiyo mimi pia ni mchawi. Nani kati yenu hajawahi kula kwangu? Aseme, tuanze kuhesabu waliokufa."

Kisha akamgeukia mzee wa koti.

"Na wewe, Asajile. Kuku wa kitongoji hiki nawajua mmoja mmoja, nimechinja wengi wao. Una jogoo wawili nyumbani kwako na wote ni wekundu. Hao nzi wa kijivu unaowauzia wazungu, manyoya yao unayatoa kwa nani?"

Watu wakageuka tena kumtazama yule mzee. Kiatu kilikuwa kimejaa tope wakati huo, hakikuwa na cha kutazamwa. Akaondoka kwa njia ya juu bila kuaga, na hapo kila mtu akapata jibu lake.

"Sasa mpelekeni huyu mtoto Itumba," mama akasema. "Mmempotezea siku nzima kwa ajili ya jogoo."

Mtoto alipelekwa, akatundikiwa dripu, akapona. Leo ni baba wa watu, na ana tumbo. Wifi alinirudishia mwanangu pale pale mtoni bila neno. Hakuna aliyeniomba radhi, si yeye, si mwenyekiti, si yule mwenye mayowe. Mwenyekiti alikuja baada ya wiki kuniuliza kama naweza kumpatia samaki wawili kwa ajili ya kipaimara cha bintiye. Macho makavu kabisa! Nikamwambia awaite mwenyewe, labda watakuja.

Mzee Asajile naye alikuja. Wageni walikuwa njiani na alihitaji nzi wa kijivu. Alisimama mlangoni na mfuko wa sukari, akasema mambo ya siku ile tuyaache. Nikamwambia asimame kanisani baada ya matangazo, awaambie watu anayefunga nzi wake ni nani, kisha aje tuongee. Akasema nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Sukari yake akarudi nayo. Nami nikachukua makopo yangu nikayapeleka kambini mwenyewe, mchana, kwa barabara kuu, na meneja akaniandika kazi bila hata kumaliza kuyafungua. Tulifanya kazi kambi moja na Asajile mpaka alipostaafu. Salamu yangu kwake ilikuwa shikamoo, kwa sababu umri ni umri, na baada ya marahaba sikumwongezea kitu.

Jogoo wa kijivu alikufa kwa uzee. Nadhani ni wa kwanza katika ukoo ule. Mama hakumwulizia tena, hata siku alipokuja askofu.

Neema, haya yote nimeyaandika kwa ajili yako zaidi, ingawa nimewatukana wote. Uliniandikia kwamba unafungia chumbani, umeshusha pazia, kwa sababu mawifi zako wameanza kuuliza manyoya ni ya nini. Toa meza nje. Leo, siyo kesho. Fungia kibarazani, njiani kabisa, watu wakipita waite waone, watoto wape unyoya wajipime midomoni. Akitokea wa kukuambia ujifiche ili kazi isidharauliwe, muulize jina analolilinda ni la nani. Mimi nimefungia kibarazani tangu siku ile, upepo unanipeperushia manyoya, vumbi la magari linaingia kwenye nta, na bado wapo watoto hapa Itumba wanaozungushwa njia ya nyuma na mama zao ili wasipite mbele ya nyumba yangu. Wazungushwe. Wakubwa wao ndio walionifundisha kuona mbali.

Mama Lusekelo hakushika ufito tena. Samaki yule hakumla, alisema ananuka tope. Miaka kadhaa kabla hajafa, tukiwa tunapukuchua mahindi sisi wawili, nilimuuliza alijuaje siku ile kwamba mimi si mchawi.

"Sikujua," akasema. "Nilijua manyoya yanakwenda kwa Asajile. Kama mnavulia tu au mnarogea, wewe na yeye, ningejuaje? Mimi nilikuwa naogopa kile kijiti kuliko mwenyekiti alivyokiogopa."

"Sasa kwa nini ulikishika, mama?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipounguza mboga.

"Mtoto alikuwa anataka kunyonya," akasema, akavuta hindi lingine.